Laptopu inakata waifai ghafla kila jioni, lakini simu iliyo pembeni yake haikati. Naombeni msaada

mpigavideo_ngamiani | Jumatatu, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Tanga mjini, Ngamiani, na kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Hapa naandika kwa simu kwa sababu laptopu imekata mtandao tena, mara ya tano tangu Magharibi.

Hali yenyewe iko hivi. Asubuhi nikiwasha mashine, waifai inashika bila shida. Nasoma ujumbe wa wateja, nawajibu, napakua vitu vyangu, hakuna neno. Ikifika jioni, watoto wameshakula na mimi nimekaa kwenye kazi hasa, kila kitu kinasimama ghafla. Kuna wakati alama ya waifai pale chini kulia inabaki imejaa kabisa lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kuna wakati jina la ruta yangu linapotea kwenye orodha, na majina ya majirani yanapotea pamoja nalo. Kawaida naona majina saba, jioni hiyo yanabaki mawili, hata moja. Baada ya muda yanarudi yenyewe bila mimi kugusa kitu.

Wakati huohuo simu yangu iko mezani, karibu na mkono wangu, imeunganishwa kwenye ruta hiyohiyo, na inaenda kama kawaida. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ingekuwa mtandao wa kampuni umekata, ungekata kwa wote.

Niliyokwisha kujaribu: nimezima na kuwasha ruta mara nyingi. Nimefuta jina la waifai na kuingiza nywila upya. Wiki iliyopita nilimpelekea fundi, akaniambia Windows imechoka, akaweka upya Windows 10 kwa shilingi 30,000. Kwa kweli ilitulia siku mbili nzima, Ijumaa na Jumamosi, nikamshukuru. Jumapili jioni ikaanza tena kama mwanzo.

Ninachokihofia ni kazi ya mtu. Nina video ya gigabaiti 9 ya harusi tuliyopiga Chumbageni. Shangazi yake bibi harusi yuko Muscat, alikuwa mgonjwa akashindwa kusafiri, na ndiye aliyemlea huyu binti. Nilimwahidi ataiona Ijumaa, na Ijumaa ilinikuta bado sijamaliza kuhariri. Tangu jana naipandisha, inafika asilimia 12, inafika 15, inakata, naanza upya. Leo amenitumia ujumbe wa sauti kuuliza kwa upole kabisa kama bado. Nimeshindwa hata kumjibu.

Kipanya changu kisicho na waya nacho siku hizi kinagandaganda, nimebadilisha betri mara mbili. Ila hilo ni suala lake, nitalileta siku nyingine. Kwa sasa naombeni mnisaidie na hii waifai.

---

bando_la_mwezi | Jumatatu, saa 4:22 usiku

Dada pole. Jioni watu wengi wanaingia mtandaoni kwa pamoja, mnara unazidiwa. Badilisha laini kwenye ruta, weka ya kampuni nyingine, utaona tofauti.

---

mpigavideo_ngamiani | Jumatatu, saa 4:26 usiku

Asante, lakini simu ipo kwenye ruta hiyohiyo, laini ileile, na haikati. Sasa hivi naandika hapa nikiwa kwenye waifai ileile na laptopu haioni hata jina lake.

---

fundi_kisauni | Jumatatu, saa 5:03 usiku

Dadangu pole sana. Niko Mombasa, nimekaa kwenye meza ya kutengeneza hizi mashine miaka kumi na moja. Kabla hujatoa pesa nyingine kwa mtu yeyote, kwanza tutenganishe magonjwa mawili ambayo watu huyaita jina moja.

La kwanza ni mashine kupoteza ruta. La pili ni ruta kupoteza intaneti. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Kujua ni lipi, fungua dirisha jeusi la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia), kisha andika:

ping 192.168.1.1 -t

Hiyo namba ni anwani ya ruta kwenye nyumba nyingi, ila hakikisha yako kwanza kwa kuandika ipconfig na kutazama mstari wa "Default Gateway". Amri hiyo ya ping inaiuliza ruta tena na tena kama ipo. Acha dirisha hilo likiendelea huku unafanya kazi zako. Mtandao ukikata na ruta bado inakujibu kwa milisekunde mbili tatu, basi mashine yako ni nzima, tatizo liko mbele ya ruta. Ruta nayo ikinyamaza, tatizo liko kati ya mashine na ruta, yaani hewani au ndani ya laptopu yenyewe. Na ukiona ipconfig inakupa anwani inayoanza na 169.254, jua mashine iliomba anwani kwa ruta ikakosa, ikajipachika yake.

Kuna mambo mawili ya kukagua bila gharama. Nenda "Device Manager", fungua "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la kadi ya waifai, ingia "Power Management". Ukikuta alama ya vema inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme, iondoe. Hiyo imewasumbua watu wengi sana, hasa mashine ikiwa kwenye betri.

La pili ni bawaba za kioo. Antena za waifai hazikai chini kwenye kibodi, ziko juu, kwenye fremu ya kioo. Nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, zinashuka kutoka juu, zinapita kwenye bawaba hadi kwenye kadi. Laptopu ikifunguliwa na kufungwa kila siku kwa miaka, waya ule huchubuka. Nimeshafungua mashine nikakuta umebaki uzi mmoja wa shaba. Basi ukiwa na ile ping inakwenda, sogeza kioo polepole mbele na nyuma. Ikikata kila kioo kinapofika mahali fulani, umempata mwizi.

Fanya hayo, uje utueleze. Na usiweke Windows tena.

---

mpigavideo_ngamiani | Jumanne, saa 2:48 usiku

Fundi, Mungu akubariki kwa maelezo. Nimefanya yote leo.

Anwani ya ruta ni hiyohiyo, 192.168.1.1. Mchana ping ilikuwa inajibu milisekunde 2, 3, 2, nzuri kabisa. Jioni nilipoanza kazi ikaruka 40, 210, 900 na kitu, halafu "Request timed out" mistari mingi mfululizo. Kwa hiyo ni ruta ndiyo inayopotea. Nimeelewa hapo.

Alama ya kuokoa umeme ilikuwepo, nimeitoa, nikazima na kuwasha. Haijabadilisha kitu.

Kioo nimekisogeza mchana, hakikukata hata mara moja. Nimekisogeza jioni wakati tayari inakata, ikaendelea kukata vilevile kioo kikiwa popote. Nilirudia mara tatu kwa sababu nilitamani liwe hilo, ningekuletea mashine hata huko Mombasa.

---

fundi_kisauni | Jumanne, saa 3:15 usiku

Basi nyaya ni nzima, na ni vizuri umerudia. Hapo nasita kidogo. Kadi mbovu ingekata asubuhi pia. Ngoja wenye uzoefu wa redio waone hii.

---

mzee_wa_redio | Jumanne, saa 4:31 usiku

Mwanangu, nimesoma maandishi yako yote tangu jana, mara mbili. Nilifanya kazi ya redio melini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kuna kitu umekisema ukakipita. Kipanya.

Umesema kipanya kisicho na waya kinagandaganda siku hizi, ukasema hilo ni suala lake. Mimi nadhani ni suala hilihili. Kipanya cha namna hiyo, kile chenye kijiti kidogo unachochomeka kwenye USB, kinazungumza na kompyuta kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Waifai yako, kama ni ya kawaida, nayo iko kwenye gigahezi 2.4. Vitu viwili vinavyoishi mtaa mmoja vinaugua pamoja, na simu iliyo umbali wa mkono haiugui. Pia umesema majina ya majirani yanapotea. Majirani wako hawakuzima ruta zao zote saa moja usiku. Masikio ya laptopu yako yameziba.

Sasa nakuomba jambo moja, na nalisisitiza: usibadilishe kitu kingine chochote hadi kesho usiku. Chukua daftari. Kila inapokata na kila inaporudi, andika saa na dakika, kisha andika ulikuwa unafanya nini na ni kitu gani kimechomekwa kwenye laptopu. Hata chaja andika. Hata taa.

Ikishakata mara kadhaa, fungua lile dirisha la amri, safari hii kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Run as administrator", uandike:

netsh wlan show wlanreport

Kompyuta itakutengenezea ripoti ya siku tatu zilizopita na kukuandikia mahali ilipoihifadhi. Ifungue kama ukurasa wa intaneti. Utaona mchoro wa saa zote na alama nyekundu kila ilipoanguka. Linganisha saa hizo na daftari lako. Tofauti na sisi, kompyuta inaandika saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 19:15 ni saa moja na robo usiku.

Halafu amri ya pili, uiandike mara mbili, wakati ni nzima na wakati inasuasua:

netsh wlan show interfaces

Niandikie namba mbili tu, ya "Signal" (nguvu ya mawimbi) na ya "Receive rate" (kasi ya kupokea).

Swali la mwisho. Zile siku mbili ilipotulia baada ya fundi kuweka Windows, nini hakikuwepo mezani pako ambacho leo kipo?

---

mpigavideo_ngamiani | Jumatano, saa 4:02 usiku

Shikamoo mzee wangu. Nimetetemeka nilipoliona lile swali lako la mwisho. Nitaanza na daftari, nakuandikia kama lilivyo.

Saa 4:00 asubuhi, waifai nzima. Chaja, kipanya.
Saa 7:30 mchana, nzima. Chaja, kipanya.
Saa 12:50 jioni, nzima. Chaja, kipanya.
Saa 1:12 usiku, nimechomeka diski ya nje kuanza kuhariri.
Saa 1:14, kipanya kimeganda.
Saa 1:17, imekata. Majina ya majirani: moja.
Saa 1:31, imerudi. Nilikuwa nimechomoa diski nimpishe mtoto anakili kazi ya shule kwenye flashi.
Saa 1:44, nimechomeka diski.
Saa 1:46, imekata.

Hapo niliacha kalamu nikakaa kimya. Nikachomoa. Ikarudi. Nikachomeka. Nikahesabu, haikufika dakika mbili.

Ile ripoti ina alama nyekundu tano za siku ya Jumatatu, zote kati ya 18:40 na 22:00, ndio muda wangu wa kuhariri. Mchana hakuna hata moja.

Namba zako: diski ikiwa imechomolewa, Signal 88%, Receive rate 72.2. Diski ikiwa imechomekwa, Signal 86%, Receive rate 6.5. Sielewi kwa nini Signal haijashuka, ila nimekuandikia nilichokiona.

Na siku mbili zile za utulivu. Mzee, diski haikuwepo nyumbani. Niliiacha kwa bibi harusi mwingine achague picha za albamu, akairudisha Jumapili baada ya swala ya Alasiri. Jumapili jioni ikaanza kukata. Fundi hakutengeneza chochote na mimi nikamshukuru.

Diski ninayo miezi minne. Ni ile ya mfukoni, waya wake una kichwa kipana kilichogawanyika mara mbili upande wa diski, na upande wa laptopu ndani yake ni bluu. Naichomeka tundu la kushoto, inakaa nyuma ya kioo kwa sababu meza yangu ni ndogo. Na video ya Muscat imo humo kwenye diski. Kila nilipojaribu kuipandisha nilikuwa lazima niichomeke.

Mzee, ni mbovu hii diski? Nimeweka humo harusi za watu arobaini.

---

mzee_wa_redio | Jumatano, saa 4:40 usiku

Marahaba mwanangu. Diski yako haina ubovu, na laptopu yako haina ubovu. Harusi za watu ziko salama, tulia.

Hiyo rangi ya bluu ndiyo alama ya USB 3. Waya wa USB 3 unapitisha biti bilioni 5 kwa sekunde. Kitu chochote kinachobadili umeme kwa kasi hiyo kinakuwa redio ndogo, hata kama hakikutengenezwa kuwa redio. Kelele yake haikai mahali pamoja, inatapakaa kuanzia chini kabisa hadi gigahezi 5, na sehemu yake inaangukia palepale kwenye 2.4, mtaa wa waifai na kipanya chako. Inavuja kwenye waya, kwenye tundu, na kwenye kasha la diski. Si siri. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012, wakipima kelele hiyo na namna inavyoziba vipokezi vya 2.4. Lakini fundi wa mtaani hawezi kuliona, kwa sababu unampelekea laptopu, diski unaiacha nyumbani.

Kuhusu Signal kutoshuka: namba ile inapima nguvu ya sauti ya ruta peke yake. Haipimi kelele. Mtu anayezungumza nawe mlangoni mwa mashine ya kukoboa mahindi hajapunguza sauti yake hata kidogo, ila humsikii. Utamwambia rudia, rudia, na yeye ataanza kutamka neno mojamoja polepole. Kushuka kutoka 72.2 hadi 6.5 ndiko huko, ruta yako inatamka polepole ili isikike. Ikishindwa hata hivyo, inakata. Na majirani, ambao sauti zao zinakufikia hafifu tangu mwanzo, ndio wanaozama wa kwanza. Wale saba kubaki mmoja ndiko kulikoniambia kuna kelele karibu sana na masikio ya mashine.

Kumbuka fundi amekueleza antena ziko kwenye fremu ya kioo. Na wewe diski umeilaza nyuma ya kioo.

Fanya hivi usiku huu. Tafuta kwenye laptopu tundu la USB ambalo ndani yake ni jeusi, si bluu. Mashine nyingi za umri huo zina moja. Chomeka diski hapo. Itashuka kuwa USB 2, yaani biti milioni 480 kwa sekunde, na ile kelele haitakuwepo. Kisha iondoe nyuma ya kioo, iweke mbele yako, mbali kadiri waya unavyofika. Kelele hii inakufa haraka kwa umbali, sentimita 40 zinatosha kuleta tofauti. Kisha andika tena ile amri ya interfaces.

---

fundi_kisauni | Jumatano, saa 4:58 usiku

Mzee, nimejifunza. Nimewahi kubadilisha kadi tatu za waifai kwa mteja mmoja mwenye duka la picha, akiondoka ni nzima, akifika dukani ni mbovu. Sasa naelewa, na kesho nitampigia simu.

Dadangu, naongeza ya meza yangu. Kama tundu zote ni za bluu, usikate tamaa. Ile diski yenye kichwa kipana kilichogawanyika, nusu yake kubwa inapokea waya wa kawaida wa simu za zamani, ule wa USB ndogo wa kabla ya hizi simu za sasa. Chomeka huo, diski itafanya kazi kama USB 2 hata kwenye tundu la bluu. Uwe waya unaopitisha data, maana kuna nyaya za kuchajia tu. Na tega sikio. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik bila kuwaka vizuri, chomoa mara moja, umeme wa tundu haujatosha na hutaki kichwa cha diski kigonge hivyo juu ya harusi za watu arobaini.

Na kwa kuwa zimo sehemu moja tu, naomba utafute diski ya pili ukanakili. Hili nakuambia kama ndugu.

Jambo jingine, andika netsh wlan show drivers uangalie mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11a au 802.11ac, kadi yako inaweza gigahezi 5, na hapo ungehamia huko ukaishi kwa amani, mradi ruta nayo iwe nayo.

---

mpigavideo_ngamiani | Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Sijalala sana lakini nimeamka na furaha.

Tundu jeusi lipo, upande wa kulia. Nilikuwa nachomeka humo kijiti cha kipanya. Nimebadilisha nafasi, diski kulia mbele ya kibodi, kipanya kushoto. Receive rate 65. Kipanya kinateleza kama kipya. Majina ya majirani saba, nimeyahesabu kwa kidole kwenye kioo.

Saa 3:05 usiku... samahani, ni saa 5:05, nimechanganya kwa uchovu, nilianza kupandisha video ya Muscat. Nilikaa nayo nikiitazama hadi asilimia 20, kwa sababu haijawahi kufika hapo. Saa 8:28 usiku ikamaliza. Nikamtumia kiungo palepale. Kule pia ni usiku, nikajua ataiona akiamka kwa swala. Saa 11:40 alfajiri ukaingia ujumbe wa sauti. Hakusema maneno mengi, alikuwa analia, na nyuma yake nasikia sauti ya ile video, pale binti anapotoka ndani na wanawake wanampigia vigelegele.

Fundi, nimeangalia ile mistari. Imeandikwa 802.11b 802.11g 802.11n. Hakuna a wala ac. Kwa hiyo kadi yangu haina gigahezi 5?

Na kuna hili: kunakili kadi ya kamera ya gigabaiti 64 kwenye tundu jeusi kumechukua nusu saa. Kule bluu kulikuwa kama dakika kumi. Siku ya harusi mbili nitaumia.

---

fundi_kisauni | Alhamisi, saa 2:15 asubuhi

Alhamdulillahi. Umenifanya niamke vizuri.

Ndiyo, hiyo ni ya 2.4 peke yake. Kadi ya masafa yote mawili inaweza kubadilishwa, ni kazi ya bisibisi moja na vichwa vya waya vidogo sana vinavyotaka mkono mtulivu. Ila usinunue kabla fundi hajafungua akaona umbo la kadi iliyomo, na ajue pia kwamba zipo laptopu ambazo zimefungwa zikubali kadi za orodha yake tu, nyingine zikikataa kuwaka. Muulize hilo kabla, si baada. Na kama ruta yako ni ya 2.4 peke yake, kadi mpya haitakusaidia kitu.

---

mzee_wa_redio | Alhamisi, saa 2:50 asubuhi

Mwanangu, kwa sasa gawanya kazi. Unaponakili kadi za kamera huhitaji intaneti: tumia tundu la bluu, dakika kumi, na kipanya kikiganda kivumilie au tumia cha waya. Unapopandisha kazi ya mteja, hamia tundu jeusi. Na kama laptopu ina tundu la waya wa mtandao, lile pana la mraba, nunua waya wa mita tatu uunge moja kwa moja kwenye ruta. Hapo hata ukichomeka diski tano za bluu, hakuna kelele itakayokugusa, maana hutakuwa unatumia hewa.

Angalia ubavuni sasa hivi uniambie kama lipo.

---

mpigavideo_ngamiani | Alhamisi, saa 3:04 asubuhi

Lipo, mzee. Lina kifuniko cha kubonyea, nilikuwa nadhani limevunjika. Natoka kwenda kutafuta waya.